Gari la rimoti la kukwea miamba: yanayoaminiwa na yaliyo kweli

Mtu anayeona kwa mara ya kwanza gari dogo la rimoti likipanda jabali kwa mwendo wa kinyonga huondoka na hakika moja: mota yake ni dhaifu, na likitiwa mota kali zaidi litapanda jabali kubwa zaidi. Dhana hiyo ndiyo inayozaa makosa mengi ya wanaoanza kujijengea magari haya, na ndiyo inayowamalizia fedha mapema. Gari la kukwea miamba, hasa lile la kipimo cha 1/10, yaani lenye urefu wa sehemu moja ya kumi ya gari halisi, ambalo ndilo limeenea zaidi, mara chache hushindwa kwa kukosa nguvu. Hushindwa kwa sababu limepinduka, au kwa sababu gurudumu moja limekosa kushika wakati mengine yanazunguka bure. Kazi ya mjenzi basi ni kupanga uzito na kuutawala mwendo wa taratibu, na karibu kila dhana iliyo hapa chini imetokana na kusahau hilo.

“Mota kali hupanda vizuri zaidi”

Mota za brashi za ukubwa wa 540 hutambulishwa kwa idadi ya mizunguko ya waya iliyofungwa kwenye rota, yaani sehemu ya ndani inayozunguka. Yenye mizunguko 27 huenda mbio, zenye 35, 45 na 55 hupendwa na wakweaji, na yenye 80 ni ya polepole kabisa. Mizunguko inapoongezeka kasi hupungua, lakini nguvu ya kuzungusha inayopatikana kwa kila ampea huongezeka, kwa hiyo mota inayoonekana ya kizembe kwenye barabara tambarare ndiyo inayotii vizuri juu ya jiwe. Kumbuka pia kwamba kati ya mota na gurudumu zipo gia zinazopunguza mwendo, kwa kawaida mara 30 au zaidi, na kila zinavyoupunguza ndivyo nguvu inavyoongezeka. Nguvu haikosekani. Kinachokosekana ni uwezo wa kulizungusha gurudumu robo ya mzunguko, kulisimamisha hapo, na kulianzisha tena bila kushtuka.

Ndiyo maana anayehama kutoka betri ya seli 2 yenye volti 7.4 kwenda ya seli 3 yenye volti 11.1 anaongeza kasi ya juu kwa nusu nzima, na akiiacha gia ya mota na meno yaleyale, huenda akajikuta na gari gumu zaidi kuliongoza mahali pembamba. Dawa ni kufunga gia ndogo ya mota yenye meno machache. Anayetaka mota isiyo na brashi naye achague yenye kihisi kinachokiarifu kidhibiti mwendo, yaani kifaa kinachopimia mota umeme wake, mahali rota ilipo. Isiyo na kihisi mara nyingi hukwamakwama inapoanza kuzunguka, na mkwamo mmoja juu ya ukingo watosha kuliangusha gari. Kidhibiti chenyewe kiwe na breki ya kushikilia, yaani ile inayolizuia gari kurudi nyuma mara tu kidole kinapoachia rimoti.

“Gari zito halipandi, lipunguze uzito kadiri uwezavyo”

Hapa pana ukweli nusu, na nusu hiyo inapotosha. Swali linalofaa si gari lina uzito gani bali uzito huo umekaa wapi. Chukua gari ambalo nusu ya upana kati ya magurudumu yake ni milimita 100, na kitovu chake cha uzito kiko milimita 80 kutoka ardhini. Kwa hesabu ya pembetatu tu, na tukichukulia kwamba springi hazibonyei, litapinduka ubavu likifika mwinamo wa digrii 51 hivi. Kishushe kitovu hicho hadi milimita 70 nalo litasimama hadi digrii 55. Kwa mtu aliyewahi kulitazama gari lake likining’inia kwenye ubavu wa jiwe, digrii 4 ni nyingi sana.

Wengi wakishajua hivyo hukimbilia kununua vipande vya shaba ya manjano vya kufunga ndani ya rimu na kwenye ekseli. Vinasaidia kweli, lakini nashauri ipigwe hesabu kwanza. Gari la kilo 2.5 likiongezewa gramu 200 za shaba kwenye usawa wa ekseli, tuseme milimita 45 kutoka chini, kitovu kilichokuwa kwenye milimita 80 kitashuka kwa milimita 2.6 hivi. Gari hilohilo, ikiwa betri yake ya gramu 200 imefungwa juu ya chesisi na ukaishusha sentimita 5, kitovu kitashuka milimita 4, bila kuongeza gramu hata moja na bila kununua chochote zaidi ya mkanda wa kuifungia. Shaba na ije baada ya hapo.

Betri hiyo ikisogezwa mbele, faida huongezeka. Gari likipanda, uzito huhamia nyuma: kwenye mwinamo wa digrii 45, gari lenye milimita 313 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, na kitovu cha uzito kwenye milimita 80, huondolewa kwenye magurudumu ya mbele kiasi cha asilimia 26 ya mzigo wote wa gari. Lililogawanya uzito nusu kwa nusu hubaki na asilimia 24 tu mbele, na hapo magurudumu ya mbele huanza kupapasa hewa. Lililoanza na asilimia 60 mbele hubaki na 34, na bado linavuta. Kwa hiyo vipande vya kwanza vya shaba vifungwe kwenye ekseli ya mbele, na bodi, rafu ya juu na mapambo yake viwe vyepesi. Kila gramu iliyo kwenye paa, ikiwemo ile ya vidumu vya kuigiza na taa za urembo, inailazimisha shaba ya chini kufanya kazi ya bure.

“Likiinuliwa, litapita juu ya mawe makubwa zaidi”

Dhana hii imetoka kwenye magari halisi, na hata huko si sahihi sana. Shokapu ndefu huinua chesisi na bodi, haziinui ekseli. Lile bonge la difu katikati ya ekseli, ambalo ndilo hugonga jiwe kwanza, hubaki palepale lilipokuwa, huku kitovu cha uzito kikipanda na digrii zile 4 zikipotea. Vinavyoinua difu ni viwili tu: tairi kubwa zaidi, au ekseli ya aina inayotumiwa na lori la Unimog, ambayo huwa na gia ndani ya kitovu cha kila gurudumu na hivyo kuuweka mhimili wa ekseli juu kuliko katikati ya gurudumu. Kampuni ya Traxxas iliiingiza katika gari lake la rimoti la TRX-4 la mwaka 2017, lililotoka kwanza likiwa na bodi ya Land Rover Defender, ingawa Defender halisi inayojulikana kwetu kwenye barabara za mbugani haina ekseli hizo. Faida nyingine ni kwamba sehemu ya kupunguza mwendo hufanyika mwishoni, kwenye gurudumu lenyewe, kwa hiyo propela shafti hubeba nguvu ndogo zaidi, na chesisi haipindwi sana upande mmoja mafuta yanapokanyagwa. Kupindwa huko wengi hudhani ni ubovu wa springi, wakabadilisha springi mara tatu bila kupona.

Gari dogo pia halitaki kurekebishwa kama kwamba ni gari kubwa lililofinywa. Kipimo cha 1/10 kinapunguza urefu mara 10 lakini ujazo mara 1,000, kwa hiyo gari la kilo 1,800 lingekuwa na uzito wa kilo 1.8, ilhali mengi yanayokwea vizuri huzidi kilo 2.5. Graviti nayo haipunguzwi na kipimo.

“Tairi ngumu, difu wazi, vyuma kila mahali”

Tairi za magari haya hazijazwi upepo. Ndani yake mna sponji, na rimu ina tundu la kutolea hewa ili mpira ubonyee na kulikumbatia jiwe. Mpira laini wenye meno ya kawaida huushinda mpira mgumu wenye meno ya kutisha. Sponji laini mno, hata hivyo, hulilaza gari linapopita ubavuni.

Kuhusu difu, dereva yeyote aliyewahi kufunga difuloki kwenye tope la masika anajua kwamba akiisahau akifika kwenye lami atavunja kitu. Mafunzo hayo ni mazuri kwa gari halisi. Gari dogo la kukwea hufungwa difu zote mbili moja kwa moja, kwa sababu difu iliyo wazi hupeleka mzunguko kwenye gurudumu lililoko hewani. Gharama yake ni kona pana, na hiyo hupunguzwa kwa kuipa ekseli ya mbele gia zinazoizungusha haraka kidogo kuliko ya nyuma.

Vyuma navyo vina mahali pake. Propela shafti na shafti za ekseli za chuma ni matumizi mazuri ya fedha. Fito za aluminiamu chini ya chesisi, kinyume chake, huchubuka na kunasa kwenye jiwe, wakati za plastiki ngumu huteleza. Tena, ukiimarisha kipande kimoja, kitakachovunjika ni kinachofuata, na mara nyingi hicho ni cha ndani zaidi na cha bei kubwa.

“Rimoti inakatika”

Niliamini hivyo kwa majuma mengi. Kila nilipokata kona gurudumu likiwa limebanwa kati ya mawe mawili, gari lilizimika kwa nukta moja kisha likarudi. Nilibadilisha kipokezi, nikahamisha antena, na tatizo likabaki. Kisa kilikuwa servo ya stelingi, yaani mota ndogo inayogeuza magurudumu ya mbele: nilikuwa nimefunga kubwa, nayo ikikwama ilidai umeme kuliko ule ambao kidhibiti mwendo kiliweza kutoa kwa ajili yake na kipokezi, volti zikaanguka, kipokezi kikazima. Kifaa kidogo cha kushusha volti, kinachoilisha servo moja kwa moja kutoka kwenye betri, kilimaliza yote.

Na wapo wanaosema betri ya lithiamu haiwezi kuumia kwenye gari la mwendo wa pole. Huumia, tena kimyakimya, kwa sababu dereva hahisi kasi ikipungua. Kidhibiti kilichoachwa kwenye mpangilio wa betri za nikeli hakitakata umeme kwa wakati, na seli ikishuka chini ya volti 3 huanza kuharibika. Mpangilio huo ukaguliwe kabla ya safari ya kwanza, na betri isiyotumika ihifadhiwe kwenye volti 3.8 kwa kila seli.