Kupandisha wimbo hadi 320 hakurudishi sauti iliyopotea

Kwenye vibanda vya kurushia nyimbo hapa Dodoma utaambiwa: "Huu ni wa 128, ngoja niupandishe hadi 320 uwe safi." Namba hizo ni kilobiti kwa sekunde, yaani kiasi cha data kinachobeba kila sekunde ya wimbo. Imani hii ni ya miaka mingi, na watu wanailipia.

MP3, aina ya faili ya nyimbo hizi, hupunguza ukubwa wa faili kwa kutupa sauti ambazo sikio halizishiki kirahisi. Kilichotupwa kimeondoka. Ukiupandisha, wimbo wa dakika 4 unatoka takriban MB 3.8 hadi MB 9.6, flashi inajaa, lakini ndani ni mabaki yaleyale, tena yamepungua kidogo kwa kubanwa mara ya pili.

Nilijaribu na wimbo wa Kigogo wenye ilimba, ala ya vyuma vyembamba vinavyopigwa kwa vidole gumba. Nikaufungua kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, na kutazama spektrogramu, picha inayoonyesha sauti nene chini na nyembamba juu: juu ya hezi (Hz) 16,000, kwenye sauti nyembamba kabisa, palikuwa patupu kabla ya kuupandisha, na patupu vilevile baadaye. Ule mlio mwembamba wa vyuma vya ilimba, ninaoupenda mno, haukurudi.

Kunakili faili bila kuibadilisha hakupunguzi chochote, tofauti na kaseti. Ukitaka sauti nzuri, anza na CD au faili ya WAV, ambayo kwa kawaida haijatupa sauti, kisha igeuze kuwa MP3 mara moja tu.