Hapana, maji ya pwani hayamezi hewa ukaa yote

Kuna ile meseji inazunguka sana kwenye magrupu yetu huku Mwanza, eti tuchome mkaa na kukata miti bila wasiwasi maana maji ya pwani kule baharini yanafyonza hewa ukaa yote, yaani ile gesi inayotoka tunapochoma vitu na kuongeza joto duniani. Si kweli jamani.

Bahari zote za dunia kwa pamoja zinachukua kama robo tu ya hewa ukaa tunayozalisha binadamu, miti na udongo nao wanachukua fungu lao, na karibu nusu inabaki angani. Hakiki mwenyewe, vipimo vya hewa ukaa vya kituo cha Mauna Loa kule Hawaii viko wazi mtandaoni: 1958 ilikuwa kama 315 kwenye kila sehemu milioni za hewa, sasa imepita 420. Bahari ingekuwa inameza yote hiyo namba isingepanda.

Watu wanachanganyikiwa kwa sababu kuna ukweli ndani yake. Mikoko, kama ile ya delta ya Rufiji, inavuta hewa ukaa na kufukia kaboni yake kwenye matope na inaweza kukaa humo karne nyingi. Ila hapo hapo pwani, mito inapoingia baharini, maji mara nyingi yanatoa hewa ukaa badala ya kuivuta, maana mto unaleta majani na udongo, bakteria wanaozesha, gesi inapanda juu. Na mikoko ikikatwa ile kaboni ya matopeni inaanza kurudi angani, hili ndo linaniuma zaidi.

Kwa hiyo ndugu zangu wa Kirumba, Igoma na kwingineko, ukiipata hiyo meseji usiifowadi, mjibu aliyeituma kwa upole na umwelekeze kwenye hivyo vipimo.