Maziwa ya kisahani na mtoto wa paka anayebaki peke yake

Ukitoka kwenda job ukamwachia mtoto wa paka kisahani cha maziwa unaona umemaliza, si tumekua tukiambiwa paka na maziwa ni chanda na pete. Kuyapenda anayapenda kweli, sikatai. Shida iko tumboni. Akiwa ananyonya mwili wake unatengeneza kimeng'enya kinaitwa laktesi, ndio kinavunja sukari ya maziwa, akishaachishwa, kwenye wiki 8 hivi, kinaendelea kupungua, sasa sukari isiyovunjwa inavuta maji kwenye utumbo, bakteria nao wanaichachusha, wewe unarudi jioni unakuta harufu mpaka mlangoni, mkia umegandana uchafu na mwenyewe kalegea kwa kuishiwa maji. Wapo paka wakubwa wanakunywa na hawaharishi, sawa, ila huyu hata kilo hajafika, hana akiba ya kupoteza. Na kwa joto la Dar hayo maziwa mchana yameshachacha.

Mwachie maji safi kwenye bakuli zito asiloweza kulipindua, na chakula kikavu cha paka wadogo. Bado anahitaji kula mara tatu nne kwa siku, so omba jirani apite mchana amcheki.

Halafu toa nyuzi, hasa zenye sindano. Ulimi wa paka una vimiba vinavyoelekea kooni, uzi ukishanasa hautemeki kirahisi, anaumeza tu, ukifika chini unakunja utumbo hadi kuukata, hapo ni upasuaji.