Laki na Nusu ya Saraka ya Mtandaoni: Ulipe au Uache?

Wenye biashara ndogo hunitumia ofa walizoletewa, zinazofanana sana: ukurasa wa kampuni yako kwenye saraka ya mtandaoni (tovuti ya orodha ya biashara), nembo, picha tano, linki ya kwenda kwenye tovuti yako, na ahadi kwamba "utapanda Google". Bei tuseme ni laki na nusu kwa mwaka, ila ukilipa leo ni laki moja. Swali ni lile lile, nilipe? Kwa saraka nyingi nasema hapana. Zipo chache ambazo ningekuambia ulipe bila kusita, lakini huwezi kuzitambua kwa kusoma ofa.

Kwanza suala la linki, kwa kuwa ndilo linalouza. Zamani lilikuwa na mantiki. Yahoo ilianza mwaka 1994 kama orodha ya tovuti iliyopangwa kwa mikono na wanafunzi wawili wa Stanford, Jerry Yang na David Filo. Baadaye biashara zikawa zinalipa dola 299 kwa mwaka ziorodheshwe humo. Watu walitafuta vitu kwa kufungua kundi ndani ya kundi, na Google nayo ikaziona linki za saraka kama kura za kuipandisha tovuti. Ndipo kila mwenye kompyuta akafungua saraka yake na kuuza kura. Aprili 2012 Google ilitoa sasisho la Penguin, yaani badiliko la namna inavyopanga matokeo, na tovuti zilizojijaza linki za kununua zikaporomoka. Yahoo ilifunga saraka yake mwishoni mwa 2014. DMOZ, saraka nyingine iliyokuwa ya bure na kuendeshwa na watu wa kujitolea, ikafungwa Machi 2017. Leo kanuni za Google zinataja waziwazi linki za saraka hafifu kuwa ni udanganyifu, na linki iliyolipiwa inatakiwa iwekewe alama ya kuijulisha Google isiihesabu. Kwa hiyo saraka inayofuata kanuni inakuuzia linki isiyo na uzito, na isiyofuata inakuuzia linki ambayo Google itaipuuza au, ukizikusanya nyingi, itakuponza.

Ukiondoa linki, unachonunua ni macho ya watu. Je, wapo?

Hilo unaweza kulipima mwenyewe kwa bando la siku moja. Fungua Google na uandike anachoandika mteja wako, siyo jina la saraka: "fundi friji Mbagala", "ukumbi wa harusi Tabata". Mara nyingi utaona ramani yenye biashara chache juu kabisa, kisha kurasa za Instagram na Facebook. Kama saraka haimo kwenye ukurasa wa kwanza, mteja wako ataifikia kwa njia gani? Halafu ingia kwenye saraka yenyewe, fungua fungu la kazi yako, uwapigie watatu waliolipia. Namba zisizopatikana na maduka yaliyohama zamani zitakueleza mengi. Atakayepokea muulize kama amepata hata mteja mmoja kutoka humo. Afisa mauzo akikutajia maelfu ya watembeleaji kwa mwezi, mwombe takwimu za fungu lako katika mji wako, na ni wangapi waliobonyeza namba ya simu. Hapo wengi huanza kuongelea punguzo.

Ile ramani, kwa taarifa yako, hailipiwi. Ukijiandikisha kwenye Google Business Profile, huduma ya Google ya taarifa za biashara, na ukathibitishwa, unaweza kuonekana humo. Kazi yako ni kuhakikisha jina, simu na mahali vinafanana kila unapojitangaza. "Mkabala na sheli, nyuma ya msikiti" hatukuwa na namna ya kuikwepa, lakini tangu kampeni ya anwani za makazi ya 2022 mitaa mingi ina majina na nyumba zina namba. Zitumie.

Sasa zile chache za kulipia. Mjerumani anayepanga safari ya Serengeti haijui kampuni hata moja ya Arusha, na anakaribia kutuma maelfu ya dola kwa mtu asiyemfahamu. Huyu anatafuta orodha iliyochujwa. Ndiyo maana jina kuonekana kati ya wanachama wa TATO, chama cha waongoza watalii wa Tanzania, au KATO kwa Kenya, lina thamani, ingawa hapo unalipia uanachama na siyo tangazo. Tovuti za kutafutia safari kama SafariBookings nazo hufunguliwa na mtu aliyekwisha kuamua kusafiri. Mgeni mmoja anaweza kurudisha gharama ya mwaka mzima. Saluni ya Sinza ina hesabu tofauti kabisa: faida ikiwa shilingi 5,000 kwa kichwa, laki na nusu inadai vichwa 30 vipya, na watu hao wanaishi mitaa miwili kutoka hapo, wanaangalia picha za misuko Instagram.

Kuna pia fomu zinazojiita za bure: "hakiki taarifa za kampuni yako", saini hapa. Maandishi madogo chini yanakufunga kulipa kwa miaka kadhaa. Malalamiko ya wafanyabiashara wadogo yalizidi kiasi kwamba Desemba 2008 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio dhidi ya mchezo huo. Kwa wanaotuma fomu hizo, orodha za washiriki wa maonyesho ni mahali pazuri pa kuokota anwani, kwa hiyo mshiriki wa Sabasaba asome mpaka mstari wa mwisho.

Ukiamua kujaribu hata hivyo, omba muda mfupi kuliko mwaka na ukatae malipo yanayojirudia yenyewe. Sajili laini mpya, iweke kwenye saraka hiyo tu, uitie kwenye simu yako ya laini mbili. Baada ya miezi mitatu hesabu walionunua, siyo waliopiga, maana simu nyingi za mwanzo zitakuwa za wauzaji wa SMS za jumla na bima.