Nukta na mkato iachie programu, wewe kagua taarifa

Mswada ukinifikia kuandaliwa kabla ya kwenda jaridani, huwa naanza kuusoma kutoka nyuma. Orodha ya marejeo inanieleza upesi mwandishi ni wa namna gani. Wengi wamehangaika na vitu vinavyoonekana kwa macho: mkato hapa, nukta pale, jina la jarida kwa hati mlazo. Kisha nakuta ndani ya matini mwaka ni 2016, kwenye orodha ni 2018. Nukta iliyopotea, msanifu wa jarida ataiweka bila hata kukuuliza. Mwaka uliokosewa hawezi kuurekebisha, maana hajui upi ndio wenyewe.

Ukielewa kwa nini mitindo inatofautiana, kanuni nyingi hutahitaji kuzikariri. Chukua makala ya James Watson na Francis Crick kuhusu umbo la DNA. Kwa mtindo wa APA, yaani wa Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, inaandikwa hivi:

Watson, J. D., & Crick, F. H. C. (1953). Molecular structure of nucleic acids: A structure for deoxyribose nucleic acid. Nature, 171(4356), 737–738. https://doi.org/10.1038/171737a0

Kwa mtindo wa Vancouver, uliotokana na mkutano wa wahariri wa majarida ya tiba katika mji huo wa Kanada mwaka 1978, inakuwa hivi:

Watson JD, Crick FHC. Molecular structure of nucleic acids: a structure for deoxyribose nucleic acid. Nature. 1953;171:737–8.

Angalia mwaka ulivyohama. Kwenye APA, msomaji anakutana na majina na mwaka ndani ya matini, kwa hiyo akifika kwenye orodha anatafuta vitu hivyohivyo viwili. Lazima vikae mbele, na orodha ifuate alfabeti. Kwenye Vancouver anakutana na namba tu. Orodha inafuata mpangilio wa kutajwa, mwaka haumsaidii kutafuta, ukasogezwa nyuma ukakae na juzuu na kurasa. Mengine, kama herufi za kwanza za majina kukosa nukta, ni mazoea ya mtindo wenyewe tu. Usitafute sababu, fuata.

Mwaka huohuo wa 1953 una mtego mwingine. Watson na Crick walichapisha makala mbili katika jarida la Nature, moja Aprili na nyingine Mei, kwa hiyo anayezitaja zote mbili kwa APA anahitaji 1953a na 1953b. Watu karibu wote wataipa ya Aprili herufi a kwa kuwa ndiyo iliyotangulia kutoka. Sivyo. Kinachoamua ni alfabeti ya kichwa cha makala: ya Mei inaanza na neno Genetical, ya Aprili na Molecular, hivyo ya Mei ndiyo 1953a. Na ukija kuifuta mojawapo wakati wa kupunguza maneno, iliyobaki inapoteza herufi yake kila mahali. Ukiwa unaandika kwa mkono, hapo ndipo makosa yanapojificha, kwa sababu hakuna anayekumbuka kurudi ukurasa wa pili kufuta kiherufi kimoja.

Ndiyo maana sioni sababu ya kuandika marejeo kwa mkono leo. Kuna programu za kupanga marejeo: Zotero ni ya bure, Mendeley na EndNote zipo, na wanaotumia LaTeX, mfumo wa kupangia maandishi ya kitaaluma, wana BibTeX. Jarida likikukataa ukahamia lingine, unabadilisha mtindo mara moja na orodha nzima inajipanga upya. Ila programu haifikiri. Inapanga kile ulichoilisha, na ukiilisha takataka itakupangia takataka kwa unadhifu mkubwa.

Mfano ninaokutana nao sana ni wa mwandishi ambaye ni taasisi. Ukiiingiza Shirika la Afya Duniani kwenye sehemu ya jina la mtu, programu inadhani neno la mwisho ni jina la ukoo, na kwenye orodha anatokea mtu anayeitwa “Duniani, S. L. A.” Taasisi iingizwe kwenye nafasi ya jina moja; kwenye BibTeX, izungushie mabano ya mawimbi mara mbili. Majina ya ukoo ya maneno mawili nayo yanahitaji jicho: Gabriel García Márquez anakaa kwenye G, ingawa rekodi nyingi za mtandaoni zitampeleka M. Halafu kuna lugha. Mtindo unaotaka vichwa viwe na herufi kubwa kila neno ni wa Kiingereza. Usipojaza sehemu ya lugha kwenye Zotero, kichwa cha makala yako ya Kiswahili kinaweza kutoka na “Ya” na “Na” zenye herufi kubwa katikati.

Toleo la mwongozo pia ni la kuangaliwa. APA toleo la 7, lililotoka mwaka 2019, linataka kazi ya waandishi watatu au zaidi itajwe kwa jina la mwandishi wa kwanza “na wenzake” tangu mara ya kwanza, na limeacha kutaja mji wa mchapishaji. Toleo la 6 lilikuwa na kanuni tofauti katika yote mawili. Mswada uliozaliwa na tasnifu ya zamani mara nyingi unabeba matoleo yote mawili kwa pamoja. Ukiwa na shaka, fungua makala moja ya karibuni ya jarida lenyewe uone wanavyofanya. Mwongozo wao kwa waandishi wakati mwingine haujaguswa kwa miaka.

DOI, yaani kitambulisho cha kudumu cha makala mtandaoni, bofya moja baada ya nyingine. Inachosha, lakini ni DOI inayokuonyesha kwamba makala uliyoitaja kama rasimu ya mtandaoni imeshachapishwa rasmi, au imeondolewa na jarida. (Kuhusu kuondolewa, Zotero hukutahadharisha yenyewe, kwa kutumia hifadhidata ya Retraction Watch.) Na siku hizi kuna marejeo yaliyobuniwa na akili unde: majina ya watafiti wa kweli, jarida la kweli, makala isiyokuwepo duniani. Umbo lake huwa safi kabisa. Kwa jicho hutayagundua.

Kabla ya kutuma, hifadhi nakala mbili: moja yenye viungo hai vya programu, nyingine uliyoigeuza kuwa maandishi ya kawaida. Ya pili ndiyo unayotuma, ya kwanza utaihitaji wahakiki wakirudisha maoni. Kama uhakiki ni wa kufichana majina, usiandike “katika utafiti wangu wa awali”. Jitaje kama unavyomtaja mtu mwingine yeyote.

Makala ikikubaliwa, mchapishaji atakutumia prufu, nakala ya kukagua kabla ya kuchapishwa, yenye maswali pembeni, na mengi yatahusu marejeo: namba 14 haijatajwa popote, hili halina kurasa, mwaka upi ni sahihi. Muda wa kujibu ni siku chache. Fungua chanzo chenyewe ndipo ujibu, hata kama unadhani unakumbuka.