Mtutu mrefu hauifanyi bunduki iwe na shabaha zaidi

Wengi wanaoagiza bunduki ya kuwindia kwa fundi huomba mtutu wa inchi 26 wakiamini ndio unaolenga vizuri. Sivyo. Urefu huongeza kasi ya risasi, kwa kuwa gesi ya baruti hupata muda zaidi wa kuisukuma. Shabaha ni habari nyingine. Kwa unene uleule, mtutu mfupi ni mgumu zaidi na hutikisika kidogo risasi inapopita. Kimoja kinachoweza kuharibu shabaha ni mdomo wa mtutu: ukiwa na kovu dogo tu upande mmoja, gesi hutokea hapo kwanza na kuiyumbisha risasi inapotoka. Kagua kazi ya fundi hapo kabla ya kubishana naye kuhusu inchi.

Anza na mnyama, kisha aina ya risasi, ndipo urefu. Risasi ya .308 Winchester ina baruti ya kiasi. Ukipunguza mtutu kutoka inchi 24 hadi 20, hupoteza kasi ya takriban mita 25 hadi 30 kwa sekunde kati ya 860 hivi. Kwa swala aliye umbali wa mita 150, hilo si kitu, na porini kwenye vichaka utaushukuru mtutu mfupi.

.300 Winchester Magnum ni tofauti. Baruti yake ni nyingi na huungua polepole, hivyo usishuke chini ya inchi 24. Ukikata hadi 20 unabeba mlio na mwako mkali wa bure. Kwa nyati, bunduki ya .375 H&H yenye inchi 22 hadi 24 inatosha kabisa.