Hifadhidata badala ya faili la maandishi katika programu za tovuti

Hifadhidata ni mkusanyiko wa taarifa zilizopangwa kwa utaratibu na kusimamiwa na programu maalumu, ambayo programu nyingine zote huiomba izisomee au iziandikie taarifa hizo. Faili la maandishi halina msimamizi wa namna hiyo: programu ya tovuti hulifungua yenyewe, hulisoma mstari kwa mstari, kisha hulihifadhi upya. Wengi hudhani kwamba hifadhidata inahitajika pale tu taarifa zinapokuwa nyingi, ilhali sababu nzito zaidi ni watu wawili kuandika kwa wakati mmoja.

Tuchukue kampuni ndogo ya utalii mjini Moshi inayopokea maombi ya kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, ambako wapandaji hulala katika vibanda vya Mandara, Horombo na Kibo. Faili lake lina mstari usemao: 14 Agosti, Marangu, nafasi 1. Mteja aliyeko Arusha na mwingine aliyeko Ujerumani wanathibitisha safari karibu kwa pamoja. Kila ombi linasoma mstari uleule, linaona nafasi 1, linaipunguza kuwa 0 na kuandika faili zima upya, na linalomaliza mwisho linafuta jina lililoandikwa na lile la kwanza. Hakuna ujumbe wowote wa hitilafu. Kampuni itagundua siku wageni wawili watakapofika na mizigo yao, kila mmoja akiwa na uthibitisho mkononi.

Mtengenezaji anaweza kulifunga faili kwa muda wakati linapoandikwa, lakini hapo ameanza kujitengenezea hifadhidata yake mwenyewe, na kwa kawaida huwa dhaifu kuliko zilizokwisha kutengenezwa. Hifadhidata hutumia muamala, yaani hatua kadhaa zinazohesabiwa kuwa tendo moja: kupunguza nafasi, kuandika jina la mgeni na kurekodi malipo ya awali hukamilika zote au hazifanyiki kabisa, hata umeme ukikatika katikati. Ulinzi huo hauji wenyewe. Ni lazima ukaguzi wa nafasi nao ufanyike ndani ya muamala huohuo.

Utafutaji nao hurahisika. Kumpata mgeni mmoja katika faili lenye mistari 1,000,000 huenda kukalazimu kuipitia yote, ilhali faharasa ya hifadhidata, yaani orodha iliyopangwa kwa mfuatano inayoonyesha kila taarifa ilipo, humfikia kwa ulinganisho usiozidi 20 hivi.

Hifadhidata nyingi za tovuti hufuata mfumo wa majedwali uliopendekezwa na Edgar F. Codd wa IBM mwaka 1970, na huulizwa kwa lugha ya SQL. Si lazima ziwe na seva ya pekee, yaani programu inayoendeshwa kando kuzihudumia: SQLite, iliyotoka mwaka 2000, huhifadhi kila kitu katika faili moja, nayo yaitosha kabisa kampuni kama hiyo ya Moshi. Maelezo ya njia, picha na mipangilio ya tovuti, ambavyo mtu mmoja huvibadilisha kwa nadra na wengine huvisoma tu, vinaweza kubaki katika mafaili ya kawaida.